Jambazi hasomi sheria, sasa sheria kali za bunduki zinapunguza mauaji kivipi?

"Dokta shikamoo. Mimi na kaka yangu tunabishana karibu kila tukikutana. Yeye anasema sheria za bunduki hazina kazi manake jambazi hasomi sheria, na mifano anayo: Uswisi wana bunduki kibao na hawauani, Mexico sheria kali na watu wanakufa kila siku, Uingereza walipiga marufuku bastola na mauaji yakapanda. Mimi namjibu kwa Australia na Japani, basi tunazunguka palepale. Naomba unisaidie, utafiti unasemaje hasa, sheria kali zinapunguza kiwango cha mauaji cha nchi au hazipunguzi? Halafu kuna la pili. Kaka ana bastola ya leseni, aliichukua baada ya kuvamiwa. Sasa hivi ndoa yake inavunjika, halali, anakunywa sana, na juzi alisema watu wangepumzika kama asingekuwepo. Shemeji anaiogopa ile bastola. Naona aibu kuligusa hilo, tumeshabishana mno, atadhani natafuta ushindi."

Marahaba mdogo wangu. La kwanza nitalijibu kwa kirefu manake hesabu za vifo ndio kazi yangu, lakini la pili ndilo la haraka, naanza nalo, na ukishasoma aya hizi chache za mwanzo nakuomba usimamie hapo, umtafute kaka yako, hayo mengine utayasoma baadaye hayaendi popote.

Mtu halali, anakunywa, ndoa inamponyoka, anasema wenzake wangepumzika asingekuwepo, na silaha iko ndani ya nyumba. Hiyo ni hatari ya kweli, usiichukulie kama maneno ya hasira. Muulize waziwazi, "kaka, unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, sivyo, swali halimpandikizii mtu wazo, wengi wakiulizwa wanapata ahueni kwa sababu hatimaye kuna aliyeona. Akikubali au akikwepakwepa usimwache peke yake, nenda naye hospitali siku hiyohiyo mkaonane na daktari, na kama hali ni mbaya pale pale piga namba ya dharura ya mahali ulipo.

Na bastola itoke kwenye hiyo nyumba. Nasema itoke, sio ifichwe juu ya kabati wala funguo apewe shemeji. Usiibebe wewe kama huna kibali, unaweza ukajiingiza kwenye kosa, pigia polisi au ofisi inayosimamia leseni uliza utaratibu wa kuikabidhi kwa muda, sehemu nyingi utaratibu upo, na kuna mahali muuza silaha mwenye leseni anaruhusiwa kumtunzia mtu. Mwambie kaka ni mpaka mambo yatulie, hujamwambia aifute leseni. Akikataa kabisa na shemeji anaogopa, basi shemeji na watoto watoke kwanza na polisi wajulishwe. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2003 ulilinganisha wanawake waliouawa na wenza wao na wale waliokuwa wanapigwa lakini wakabaki hai, ukakuta mwanaume mnyanyasaji akiwa na bunduki hatari ya mwanamke kuuawa inapanda karibu mara tano. Sijasema kaka yako anampiga mkewe, hujaniambia hivyo, ila woga wa shemeji usiupuuze hata kidogo, yeye ndiye anayeishi naye.

Kwa nini nakazania chuma badala ya kusema tu aombewe au azungumze na wazee? Kwa sababu ile saa ya hatari kubwa zaidi huwa inapita, wakati mwingine ni dakika chache tu, na wengi mno walionusurika jaribio la kujiua hawafi kwa kujiua baadaye. Lakini anayejaribu kwa bunduki ni nadra kunusurika, karibu tisa kati ya kumi wanakufa. Jeshi la Israel mwaka 2006 lilibadilisha kitu kimoja tu, askari wakienda nyumbani wikendi waache bunduki kambini, na vifo vya kujiua vikapungua kwa asilimia 40 hivi. Walikuwa vijana walewale na mawazo yaleyale, na wala hawakuhamia kujiua siku za katikati ya wiki. Kwa hiyo nenda, na ubishi wenu usiutaje kabisa siku hiyo.

Haya, sasa ule ubishi.

Kitu cha kwanza ni kwamba nyie wawili mnabishana kwa majina ya nchi na hapo ndipo mnapokwama. Kusema "Uswisi" au "Japani" hakuthibitishi kitu kwa sababu nchi mbili zinatofautiana kwa mambo mia, umasikini, magenge, mahakama zinazofanya kazi au zisizofanya, biashara ya madawa, wingi wa vijana wa kiume wasio na ajira, na sheria ya bunduki ni moja tu kati ya hayo. Kinachotusaidia sisi ni kuangalia mahali palepale kabla na baada ya sheria kubadilika, tena kuangalia kama yaliyobadilika ni mauaji ya bunduki peke yake au mauaji yote kwa pamoja, manake yote yakishuka sawasawa, ya kisu na ya bunduki, basi kuna kitu kingine kimefanya kazi wala sio sheria ya bunduki.

Halafu kuna hili la jambazi hasomi sheria. Kaka ana ukweli wake hapo, ila anafikiri mauaji mengi yanafanywa na mtu aliyepanga. Sivyo yalivyo sehemu nyingi. Mauaji mengi ni ugomvi, watu wanaojuana, pombe, deni, mapenzi, kijana kadharauliwa mbele ya wenzake. Franklin Zimring alichunguza hili Chicago, akachapisha 1968, alichukua mashambulio ya visu na ya bunduki akakuta mazingira yanafanana sana, ugomvi uleule, watu walewale, ila shambulio la bunduki liliua karibu mara tano ya la kisu. Wengine wakasema labda wenye bunduki ndio waliodhamiria kweli kuua. Basi baadaye watafiti wawili, Anthony Braga na Philip Cook, wakafanya kitu Boston ambacho mimi nakiona kizuri sana, wakalinganisha watu waliopigwa risasi tu, wa risasi ndogo na wa risasi kubwa. Mazingira yalikuwa yaleyale, idadi ya majeraha ileile, lakini risasi kubwa iliua zaidi kwa mbali. Wakapiga hesabu kwamba kama bunduki zote zilizotumika zingekuwa za risasi ndogo, mauaji pale yangepungua karibu asilimia 40. Hebu fikiria hiyo, nia ya mpigaji haijaguswa kabisa, kilichobadilika ni unene wa risasi. Kifaa chenyewe kinaamua sehemu kubwa ya nani afe na nani ashonwe arudi nyumbani, na ndio maana lile jibu la "akikosa bunduki atatumia kisu" mimi halinitishi, ndio wapo watakaotumia kisu, na wengi wa watakaochomwa watapona.

Na huyo jambazi mwenyewe, bunduki yake imetoka wapi? Nyingi zilitengenezwa kiwandani na kuuzwa kihalali kwa mtu fulani kwanza, au kwa jeshi, au kwa polisi, halafu zikavuja, zikaibiwa, zikauzwa kimyakimya. Afrika Kusini afisa wa polisi wa cheo cha kanali alihukumiwa miaka 18 mwaka 2016 kwa kuziuzia magenge silaha ambazo polisi ilitakiwa iziharibu. Kwa hiyo jambazi kweli hasomi sheria, ila ananunua sokoni, na sheria inagusa soko lake, inaongeza bei na inapunguza wauzaji, kijana wa miaka kumi na saba asiye na hela anabaki bila.

Tuje kwenye mifano ya kaka mmoja mmoja. Uswisi ana haki kwamba bunduki ni nyingi, karibu 28 kwa kila watu 100, na mauaji ni machache mno. Ila asidhani kule ni holela, kununua nyingi ya silaha hizo kunataka kibali, kutembea nayo barabarani kunataka kibali kingine ambacho ni kigumu kupata, na tangu 2007 zile risasi ambazo jeshi liliwapa askari wa akiba wakae nazo nyumbani zilianza kurudishwa ghalani. Na kuna jambo ambalo watetezi wa Uswisi hawalisemi, 2003 jeshi lao lilipunguzwa karibu nusu, bunduki majumbani zikapungua, na wanaume wa umri ule wa jeshi wakapungua kujiua, wengi wao hawakutafuta njia nyingine. Hapo pia kumbuka kitu kimoja, Marekani 2021 walikufa kwa bunduki watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua, kwa hiyo ukihesabu mauaji peke yake unaacha nje zaidi ya nusu ya maiti. Wewe umeuliza mauaji, nabaki na mauaji, ila usiliache hilo kwenye ubishi wenu.

Mexico ndio mfano wake mzuri kuliko yote na ndio unaomgeuka. Kweli sheria ni kali, kwa miaka mingi duka halali la bunduki nchi nzima lilikuwa moja, tena ndani ya eneo la jeshi. Lakini nyumba ya jirani haina mlango. Mwaka 2004 ile sheria ya Marekani iliyokataza baadhi ya bunduki za mtindo wa kijeshi iliisha muda wake, zikaanza kuuzwa tena Texas na Arizona, lakini California ilibaki na katazo lake la jimbo. Watafiti wakaenda kuangalia upande wa Mexico kwenye miji ya mpakani, ile inayopakana na Texas na Arizona mauaji yakapanda kuliko ile inayopakana na California. Nchi ni ileile, sheria za Mexico zilezile, polisi walewale, kilichobadilika ni sheria ya upande wa pili wa uzio. Chicago nao ni vivyo hivyo, watu wanapenda kusema "angalia Chicago", bunduki nyingi zinazokamatwa pale zinatoka nje ya jimbo na nyingi ni Indiana jirani. Kwa hiyo hii haionyeshi kwamba sheria haifanyi kazi, inaonyesha kwamba inafanya kazi mpaka pale mpaka unapoishia, na hilo kwa nchi iliyozungukwa na vita au soko huria ni tatizo kubwa ambalo bunge lake peke yake haliwezi kulimaliza.

Uingereza sasa. Baada ya Dunblane, Machi 1996, watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni, wakapiga marufuku bastola 1997. Na ni kweli takwimu za mauaji zikapanda mpaka kilele cha 2002/03. Ila mwaka ule ndio waliandikishwa kwa mkupuo watu 172 waliouawa na Harold Shipman, daktari aliyekuwa anawadunga wagonjwa wake kwa miaka mingi kabla hajagundulika! Vifo vya miaka ya nyuma, vya sindano, vimeingia kwenye mstari wa mwaka mmoja, halafu mtu anauchora grafu anasema ni bastola. Nakuomba kila ukiona grafu ya nchi moja uulize kwanza ilihesabiwaje. Kwa upande mwingine niseme wazi, hata ukimtoa Shipman katazo lile huwezi kuonyesha kwamba lilishusha mauaji ya nchi nzima, manake bastola za leseni zilikuwa zinaua watu wachache sana pale tangu mwanzo. Lilitungwa kuzuia Dunblane nyingine, na shule ya Uingereza haijavamiwa tena kwa bunduki namna ile.

Sasa ya kwako, usifurahi haraka. Australia baada ya shambulio la bunduki la Port Arthur, Aprili 1996, watu 35 walikufa, serikali ikanunua na kuharibu bunduki zaidi ya 600,000, ikaweka kusubiri siku 28, na "kujilinda" ikakataliwa kuwa sababu ya kupewa leseni. Vifo vya bunduki vilishuka sana, hasa vya kujiua, na mauaji ya halaiki yaliyokuwa yanatokea mara kwa mara miaka ile yakawa nadra mno kwa zaidi ya miaka ishirini, japo 2018 ilikuwepo familia ya watu saba na Desemba 2025 likawa shambulio la Bondi, Sydney. Lakini mauaji ya kawaida yalikuwa yameshaanza kushuka kabla ya 1996, na watafiti wazuri, sio wapiga debe, bado wanavutana sheria ilichangia kiasi gani. Ukimwambia kaka Australia ilimaliza mauaji kwa sheria atakushinda na atakuwa na haki. Japani iache tu, wale wameishi na mauaji machache na sheria kali kwa muda mrefu mno, hakuna kabla na baada ya kupima, na hata hivyo 2022 Shinzo Abe, waziri mkuu wao wa zamani, aliuawa kwa bunduki ya kutengeneza nyumbani.

Mfano ambao mimi ningekuwa wewe ningeenda nao ni Cali, Colombia. Miaka ya 1990 mwanzoni mji ule ulikuwa unazika watu kila siku na kila mtu alisema ni madawa, ni makateli, hakuna la kufanya. Akachaguliwa meya, Rodrigo Guerrero, ambaye ni daktari aliyesomea magonjwa ya milipuko, akafanya kitu ambacho wanasiasa huwa hawafanyi, akahesabu. Nani anakufa, siku gani, saa ngapi, wapi, na kalewa kiasi gani. Ikaonekana vifo vingi vinajazana wikendi, sikukuu na siku za mshahara, usiku, na pombe imo. Basi hawakukataza watu kumiliki bunduki, walikataza kutembea nazo wikendi zile za mshahara, sikukuu na siku za uchaguzi, polisi wakaweka vizuizi wakawa wanapekua. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, nao wakafanya hivyo baadaye. Utafiti uliochapishwa 2000 ulilinganisha siku zenye katazo na siku kama hizo zisizo na katazo, mauaji yalikuwa pungufu kwa asilimia 14 Cali na 13 Bogotá. Genge la madawa halikugeuka kuwa kwaya ya kanisa, walipona wale wa ugomvi wa baa, na wao ndio wengi. Huo ndio ukubwa wa kweli wa sheria nzuri, asilimia kumi na kitu kwa siku zenye katazo, kwenye mji unaozika maelfu hao sio watu wachache, lakini haikugeuzi kuwa Japani.

Afrika Kusini inafundisha pande zote mbili. Sheria yao ya 2000, iliyoanza kwa awamu mpaka 2004, iliweka umri wa miaka 21, mafunzo, na ukaguzi wa historia ya mwombaji, na watafiti walikadiria iliokoa maisha ya watu zaidi ya 4,500 kwenye miji mitano kati ya 2001 na 2005. Mauaji ya nchi nzima yakaendelea kushuka mpaka karibu 30 kwa kila watu 100,000 mwaka 2011/12. Halafu usimamizi ukalegea, ofisi za leseni zikaoza, silaha za polisi zikavuja kama nilivyokwambia, na kufikia 2022/23 wakawa wamerudi 45. Sheria ni ileile, kwenye karatasi haikubadilika sana. Kulegea kwa usimamizi sio sababu pekee, uchumi na magenge vimo, ila mimi siwezi kuitenganisha na zile silaha zilizotoka ghalani.

Marekani yenyewe, jimbo la Missouri walifuta 2007 sharti la kupata kibali kabla ya kununua bastola, mauaji ya bunduki yakapanda wakati ya njia nyingine hayakupanda hivyo. Connecticut walikuwa wameliweka sharti kama hilo 1995 na ikatokea kinyume chake. Lakini sio kila sheria yenye jina kali ina matunda. Zile kampeni za miji kununua bunduki kwa hiari nyingi hazijaonyesha kitu, watu wanaleta mikweche ya babu inayoozea stoo. Kukataza aina fulani za bunduki ndefu hakushushi sana jumla ya mauaji kwa sababu wengi wanauawa kwa bastola. Na kukagua historia ya mnunuzi bila kumtaka awe na kibali kwanza, matokeo yake ni dhaifu kuliko watu walivyotarajia, mimi mwenyewe nilitarajia zaidi.

Kuna pia nchi ambapo mauaji yalipanda au kushuka bila sheria ya bunduki kuhusika sana. Brazil walibana 2003, wakalegeza 2019, na mauaji yalikuwa yanashuka hata wakati wa kulegeza, manake vita vya magenge makubwa vilikuwa vimepoa. El Salvador imetoka mauaji zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 mpaka chini ya 3 mwaka 2023, kushuka kulianza mapema, halafu kuanzia 2022 wakakamata watu zaidi ya 70,000 chini ya hali ya hatari, wengi bila kesi ya maana, gharama ambayo mimi siwezi kumshauri mtu ailipe. Jamaica wana mahakama maalumu ya bunduki tangu 1974 na bado mauaji yamekuwa makubwa kwa miongo, silaha zinaingia kwa boti.

Kwa hiyo ukiniuliza ndio au hapana nasema ndio, kwa baadhi ya sheria, kwa kiasi, na pale tu zinaposimamiwa. Mimi ningeunga mkono kibali kabla ya kununua, mwombaji ahojiwe na mwenza wake aulizwe, Kanada mwenza wa sasa au wa karibuni anajulishwa kabla leseni haijatoka. Ningeunga mkono katazo la kubeba kwenye pombe na mikusanyiko, na silaha kuondolewa mara mahakama inapotoa amri ya kumlinda mtu dhidi ya mwenza. Mkiletewa muswada msisome adhabu peke yake, miaka ishirini jela ni rahisi kuandika. Tafuteni kifungu kinachosema ghala la silaha la polisi linakaguliwa na nani, mara ngapi, na ripoti inasomwa wapi, na kama hakipo andikeni kwa mbunge wenu kabla kura haijapigwa.